Saa ya Akrabu Moja: Namna ya Kuisoma, Kuichagua na Kuiagiza

Muulize saa mwenye duka yeyote wa Mlandege, Unguja, atakujibu: saa tatu kasorobo, saa nne na robo, saa tano u nusu. Ni nadra akwambie saa nne na dakika kumi na saba, hata kama saa aliyovaa inamwonesha dakika hizo kumi na saba. Robo inatosha kwa kufungua duka, kumpokea mtoto skuli, au kwenda maziko baada ya Alasiri. Saa ya akrabu moja inawafaa watu wanaohesabu wakati namna hiyo. Na sisi tunaosoma saa kwa Kiswahili tunapata faida moja zaidi, ambayo muuzaji wa Ulaya hana sababu ya kuitaja.

Makala haya ni kwa anayetaka kununua saa hiyo yenye mtambo wa otomatiki, na zaidi kwa kikundi cha marafiki, klabu au familia inayofikiria kuagiza toleo maalumu: saa chache, kila moja na namba yake mgongoni. Fedha nyingi hupotea hapo, kwa sababu watu huchagua rangi kwanza na kuuliza ya ndani baadaye.

Namna inavyosomwa

Uso wa saa hii una namba 12 kama kawaida, lakini akrabu ya dakika haipo. Ipo ya saa peke yake, ndefu na nyembamba, na huzunguka mara moja kwa saa 12. Baina ya namba na namba pamegawiwa nafasi kumi na mbili, na kila nafasi ni dakika tano. Duara zima lina nafasi 144. Akrabu ikikaa juu ya namba, ni saa kamili. Ikifika kistari cha tatu baada ya namba, ni na robo, cha sita ni nusu, na cha tisa ni kasorobo. Mtu aliyezoea hukisia hata dakika mbili kwa jicho tupu.

Mtu wa kwanza kuiona mkononi mwako atakuuliza ilikopotelea akrabu ya pili. Mwambie kwamba hii ndiyo saa ya asili. Saa za mwanzo za mtambo zilikuwa na akrabu moja, kwa kuwa mtambo wenyewe ulikosea mno kiasi kwamba kuonesha dakika kungekuwa kudanganya watu. Mholanzi Christiaan Huygens alipobuni saa ya timazi mwaka 1656, na baadaye kamani nyembamba ya gurudumu la mizani mwaka 1675, usahihi ukaongezeka na akrabu ya dakika ikawa na maana. Hata hivyo Abraham-Louis Breguet wa Paris, fundi mkubwa wa zama zake, aliirudia akrabu moja mwishoni mwa miaka ya 1790. Alitengeneza saa ya mfukoni iliyo sahili na imara, mnunuzi akalipa robo ya bei wakati wa kuagiza na iliyobaki wakati wa kupokea. Takriban saa 700 zilitengenezwa kwa utaratibu huo. Anayelipa leo amana ya toleo maalumu anafuata njia aliyoifungua Breguet.

Katika zama zetu, Mjerumani Klaus Botta alitoa saa yake ya UNO mwaka 1986, na kampuni ya MeisterSinger, iliyoanzishwa na Manfred Brassler mjini Münster mwaka 2001, ikaifanya akrabu moja kuwa alama yake. Kiwanda cha Luch cha Minsk nacho hutengeneza ya bei nafuu, lakini hiyo ni ya kutia ufunguo kwa mkono. Anayetaka otomatiki asome maelezo vizuri kabla ya kulipa.

Mkia wa akrabu

Sasa faida yetu. Saa ya Kiswahili na saa ya Kizungu zinapishana kwa saa sita. Saa sita ni nusu kamili ya duara la saa 12. Kwa hiyo, popote ncha ya akrabu inapoelekea, upande wa pili wa duara, mkabala nayo kabisa, ipo saa ya Kiswahili. Tumeizoea hesabu hiyo tangu utotoni hata hatuihisi tena: tunaona 7, tunatamka saa moja.

Akrabu ndefu inayovuka uso mzima ina mkia nyuma ya kitovu. Mkia huo ukirefushwa ufike karibu na namba, unaonesha saa ya Kiswahili bila hesabu yoyote. Boti ya saa moja asubuhi ya kwenda Dar es Salaam: ncha iko kwenye 7, mkia uko kwenye 1. Saa tatu u nusu: ncha iko baina ya 9 na 10, mkia baina ya 3 na 4. Saa saba mchana: ncha kwenye 1, mkia kwenye 7. Usiku ni vivyo hivyo, na hakuna saa hata moja ya siku ambapo kanuni hii inavunjika. Namba ni zilezile na vistari ni vilevile. Mgeni anasoma ncha na mwenyeji anasoma mkia. Katika saa ya akrabu mbili haiwezekani kwa urahisi, kwa sababu mkia wa akrabu ya saa ni kipande kifupi na akrabu ya dakika inapita juu yake ikiuvuruga.

Ndiyo maana nasema, mtu wa Unguja akiagiza toleo maalumu la saa hii asianze na rangi. Aanze na mkia. Aombe mkia mrefu, wenye ncha yake, na uwe na rangi tofauti na mbele: mbele nyeusi na nyuma nyekundu, au mbele chuma cha buluu na nyuma nyeupe, mradi jicho lisichanganye. Mkia pia una kazi ya kifundi. Akrabu ndefu isiyo na uzito nyuma huelemea upande mmoja, mkia ukiisawazisha mtambo unaisukuma kwa wepesi.

Tahadhari: zipo saa za akrabu moja zinazozunguka mara moja kwa saa 24. Kwenye uso wa namna hiyo upande wa pili ni saa kumi na mbili mbele, si sita, na mkia hausomeki kwa Kiswahili. Hakikisha uso ni wa namba 12.

Wapo wanaopenda njia nyingine, ya kuirudisha saa nyuma saa sita ili ncha yenyewe isome Kiswahili. Inafaa, ila angalia dirisha la tarehe. Tarehe hubadilika akrabu inapopita 12 mara moja kila siku. Saa ikishatiwa kwa Kiswahili, 12 ni jioni au alfajiri, kutegemea ulivyoizungusha. Ukiipanga ibadilike jioni, tarehe yako itageuka karibu na Maghribi, kama inavyogeuka siku katika kalenda yetu ya Kiislamu, na kwa mtu anayefuata Hijria hilo ni jambo zuri, ingawa itabidi airekebishe kwa mkono kila mwezi kwa kuwa miezi hiyo ni ya siku 29 au 30. Kwa wengine wote itakuwa usumbufu kila jioni. Rai yangu ni kuomba saa isiyo na tarehe kabisa. Uso unabaki mweupe na mtambo unapungukiwa na kitu kimoja cha kuharibika.

Mambo ya uso

Tuchukue saa ya kiasi cha milimita 38 hadi 40, ambayo duara lake la vistari lina kipenyo cha milimita 34. Mzingo wa duara hilo ni karibu milimita 107. Gawa kwa 144: kila dakika tano zinapata nafasi ya milimita 0.74 tu, na dakika moja haifiki milimita 0.15. Ncha ya akrabu yenye unene wa milimita 0.3 imeshafunika dakika mbili. Akrabu iliyobandikwa kwa kupinda nyuzi moja ya duara inakosea dakika mbili, kwa sababu dakika 720 zimegawiwa nyuzi 360. Unapoletewa sampuli, chukua kioo cha kukuzia, zungusha mpaka ncha ikae juu ya 12, kisha tazama mkia. Ukiwa haugusi katikati ya 6, akrabu imepinda au uso umechapwa vibaya. Irudishe.

Kwa sababu hizo uso wa saa hii hauvumilii mapambo. Najua hamu ya watu wetu: mlango wa Mji Mkongwe, jahazi, mkarafuu, mnara wa Beit al-Ajaib. Ni vitu vya fahari, na vina nafasi yake mgongoni mwa saa, vikichorwa kwenye chuma. Mbele vitaua kusomeka. Ndugu zetu wa Oman walionesha kiasi: Sultan Qaboos, aliyetawala kuanzia 1970 hadi 2020, aliagiza saa za zawadi kutoka kampuni kubwa, nyingine kupitia duka la Asprey la London, zikiwa na nembo moja ndogo ya jambia usoni na basi. Leo watozi wa saa wanazitafuta dunia nzima kwa nembo hiyo. Alama moja ndogo inatosha. Namba za Kiarabu za mashariki, tulizozisoma chuoni, ni pambo linalokubalika kwa sababu zenyewe ni sehemu ya kazi.

Kuna ombi jengine linalorudi mara kwa mara, la kuchapa nyakati za sala usoni. Usikubali. Saa yetu rasmi inafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na Unguja iko kwenye nyuzi 39 na ushei. Jua letu kwa hiyo hufika utosini, kwa wastani, dakika 23 hivi baada ya saa sita mchana. Wakati huo wenyewe haugandi: mwanzoni mwa Novemba jua linapinduka karibu saa sita na dakika 7, na katikati ya Februari karibu saa sita na dakika 37. Maghribi nayo hutembea kutoka kama saa kumi na mbili na robo mpaka karibu na saa moja kasorobo. Kistari kilichochapwa kitasema kweli siku chache tu za mwaka. Kwa kufungua saumu na kwa imsaki, sikiliza adhana au tazama jedwali la msikiti wako. Saa ya akrabu moja haikutengenezwa kwa dakika hizo. Haimfai pia muuguzi anayepima mapigo ya moyo, wala refa.

Ndani ya saa

Saa ya otomatiki haina betri. Ndani yake mna kamani, utepe wa chuma uliosokotwa ndani ya pipa, na juu ya mtambo kuna rota, kipande kizito cha nusu duara kinachozunguka mkono wako unapotikisika. Rota inakaza kamani, kamani inasukuma magurudumu, na gurudumu la mizani linaupa mwendo kipimo chake. Mwingereza John Harwood alipata hataza ya saa ya mkono ya namna hii mwaka 1924, na Rolex ikatoa rota inayozunguka duara zima mwaka 1931. Kwetu mambo haya yaliletwa na Seiko 5, iliyoanza kuuzwa mwaka 1963 na ambayo bado iko mikononi mwa wazee wengi.

Katika toleo maalumu, kitu kisichopaswa kuwa maalumu ni mtambo. Chagua mtambo wa kawaida kabisa, unaotengenezwa kwa wingi, ambao vipuri vyake vinapatikana: Sellita SW200 ya Uswisi, au NH35 ya Seiko, au Miyota ya mfululizo wa 8000. Ya kwanza hupiga mara 28,800 kwa saa, hizo nyingine mara 21,600. Fundi wa Darajani au wa Mlandege aliyeifungua Seiko kwa miaka hatapata tabu na NH35. Mtambo uliotungwa kwa ajili ya toleo moja la saa hamsini utakulazimisha kuirudisha saa Ulaya kwa kila hitilafu.

Usilipie usahihi usiouona. Cheti cha kronomita cha Uswisi hudai mtambo usitangulie zaidi ya sekunde 6 wala kuchelewa zaidi ya sekunde 4 kwa siku, na bei hupanda kwa cheti hicho. Mtambo wa kawaida unaotangulia sekunde 12 kwa siku unakosea dakika moja na ushei kwa wiki, na kwenye uso wa akrabu moja hiyo ni chini ya nusu ya nafasi ya kistari. NH35 inaruhusiwa na kiwanda kutangulia hadi sekunde 40 kwa siku, karibu dakika tano kwa wiki, na hiyo utaiona. Kwa hiyo iweke sawa kila Ijumaa unapojiandaa kwenda msikitini, na mambo yatakuwa shwari.

Namna ya kuiweka sawa ina adabu yake. Vuta kifundo cha ubavuni, irudishe akrabu nyuma kidogo ya pale unapopataka, kisha ilete mbele taratibu na usimame hapohapo. Meno ya magurudumu huwa na ulegevu mdogo baina yake. Ukimaliza kwa kurudi nyuma, akrabu itakaa kimya dakika kadhaa kabla ya kuanza kutembea, nawe utadhani saa inachelewa. Tazama uso kwa kuuelekea, usiutazame kwa ubavu, maana ncha iko juu kidogo ya vistari.

Jambo jengine ambalo wanunuzi hawaambiwi ni kwamba saa hii haina akrabu ya sekunde, kwa hiyo ikisimama haikwambii. Imevuliwa Ijumaa usiku, ikakaa juu ya kabati kwa saa 40 hivi, kamani imekwisha, na asubuhi ya Jumatatu inaonesha wakati ambao unaweza kuuamini. Omba mgongo wa kioo ili uone mizani ikicheza, au iweke sikioni. Sikio linasaidia pia dukani: otomatiki hupiga mara sita au nane kwa sekunde, sauti ya haraka iliyoshikana, wakati ya betri hugonga mara moja kwa sekunde. Muuzaji akikupa saa ya kugonga mara moja na kukwambia ni otomatiki, iache mezani.

Maji, jasho na sumaku

Hapa kwetu saa inanyeshewa mara tano kwa siku kwa udhu, achilia mbali jasho la Februari na chumvi ya upepo wa pwani. Maandishi ya "mita 30" mgongoni hayana maana kwamba unaweza kuzama nayo. Hiyo ni ya kurushiwa maji tu. Kwa anayetawadha bila ya kuivua, omba isiyopungua mita 50, na kwa anayeogelea mita 100 pamoja na kifundo kinachofungwa kwa kuzungushwa. Mipira ya kuzuia maji huchoka, basi ipimwe kila baada ya mwaka au miwili. Ukitoka baharini, isuuze kwa maji baridi ya bomba.

Chuma kiwe cha aina ya 316L, kisichopata kutu upesi. Wanaume wetu wengi hawavai dhahabu kwa sababu ya dini, na chuma tupu kinawaondolea shaka. Kioo kiwe cha yakuti ya kiwandani, hakikwaruziki kwa mchanga. Mkanda wa ngozi huoza kwa jasho ndani ya miezi. Chagua nailoni, mpira au chuma, na ngozi iwe ya Sikukuu. Weka saa mbali na spika na vifuniko vya simu vyenye sumaku. Ikianza ghafla kutangulia dakika nyingi kwa siku, mara nyingi imeshika sumaku, na fundi mwenye kifaa chake huiondoa kwa muda mfupi bila hata kuifungua.

Kuagiza toleo

Neno "toleo maalumu" halina thamani mpaka liandikwe kwa idadi. Mkataba useme ni saa ngapi zitatengenezwa, kila moja ichorwe namba yake kati ya idadi hiyo, na muuzaji aahidi kwa maandishi kwamba uso ule hautachapwa tena. Kikundi kisilipe bei yote mbele, amana ya robo ya Breguet bado ni kipimo kizuri, na malipo ya pili yasubiri sampuli iliyopita mtihani wa kioo cha kukuzia. Kabla ya kulipa chochote, uliza ofisi ya forodha ya Mamlaka ya Mapato (TRA) ushuru na kodi zitakazotozwa mzigo ukifika, kwa sababu gharama hiyo ni ya mpokeaji.

Mtambo wa kawaida utapata vipuri miaka ishirini ijayo, lakini akrabu na uso wenu hamtavipata popote, vilitengenezwa kwa ajili yenu tu. Akrabu ndefu hupinda kwa kibano kimoja kilichoteleza. Kwa hiyo agizeni akrabu za akiba angalau moja kwa kila saa kumi, pamoja na nyuso mbili tatu, na ziwekwe na mtu mmoja anayeaminika, ndani ya kopo kavu lenye pakiti ya kunyonya unyevu.

Na karatasi ya sifa za saa, yenye jina la mtambo, kina cha maji na kipimo cha akrabu, mpelekee fundi wako aisome kabla ya kutia saini. Akikwambia hawezi kuihudumia, usiiagize.